Vipande Saba

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mashine iliandika asilimia sitini na tatu, na mtu aliyejua kuliko yeyote katika hospitali nzima kwamba namba hiyo ni ya uongo ndiye aliyekuwa akiinakili kwenye ripoti.

Alikuwa mtunza hifadhidata wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa gundi upande mmoja. Wenzake walimwita Mama Asilimia, kwa sababu kila asubuhi alitangaza mashine imejaa kiasi gani, na hata akikutana na mtu kwenye korido alimtajia ilipofikia, aulizwe asiulizwe. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, dari imeinama kufuata ngazi, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Ndoo ikijaa aliimwaga mwenyewe. Wafagizi walishamwambia kwamba chumba kile hakimo kwenye orodha yao.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuionea fahari. Kumbukumbu zote za wagonjwa zilikaa kwenye jedwali moja kubwa, na jedwali hilo lilikatwa vipande, kila mwaka na kipande chake. Karani wa mapokezi havioni vipande. Yeye anaandika jina, jedwali linatafuta miaka yote, jibu linakuja. Anayeviona vipande ni Mama Asilimia peke yake. Kila asubuhi aliviorodhesha kimoja kimoja: hiki kina ukubwa huu, kimeongezeka kiasi hiki tangu jana, kimesomwa mara ya mwisho siku fulani. Chini alijumlisha, akaandika asilimia, akatuma kwa watu tisa. Watu tisa hao walikuwa na mambo mengi ya kusoma kuliko hayo.

Miezi minne nyuma ripoti ilikuwa imefika asilimia tisini na nne. Mkuu wa kitengo aliandika barua kumi na moja kuomba diski mpya, na kitengo cha manunuzi kikajibu barua mbili, zote zikisema wasubiri. Ndipo mkuu aliposhuka ngazi, akainamisha kichwa asijigonge, akasema, "Vile vya zamani vitoe. Nani anasoma mambo ya miaka kumi na mitatu iliyopita?"

Mama Asilimia akavichomoa vipande saba vya miaka ya mwanzo. Sasa, kuchomoa kipande si kukifuta. Ni kama kufuta jina la kitabu kwenye orodha ya maktaba na kitabu chenyewe ukakiacha kwenye rafu palepale. Anayekiulizia ataambiwa hakipo, na rafu imejaa vilevile. Lakini ripoti ilitengenezwa kuhesabu vipande vilivyochomekwa kwenye jedwali tu. Kesho yake namba ilianguka hadi sitini, na mkuu akaipeleka juu na maneno ya pongezi.

"Mkuu," alimwambia siku ile, "namba imeshuka, lakini diski haijapungua hata chembe."

"Mama Asilimia, namba imeshuka au haijashuka?"

"Imeshuka."

"Basi."

Alisema mara moja, hakurudia. Kosa lake lilikuwa hilo, na alilijua. Mwisho wa robo ya mwaka akaitwa mbele ya wafanyakazi, akapewa chupa ya chai ya bluu yenye karatasi iliyobandikwa ubavuni: Mfanyakazi Bora. Watu wakapiga makofi. Aliipeleka nyumbani akaiweka juu ya kabati, na hakuwahi kunywa humo hata kikombe kimoja. Aliyeitumia ni mama mkwe wake, ambaye hakuona sababu ya chupa nzuri kukaa bure.

*

Jumatatu hiyohiyo, saa nne, mama mkwe huyo alikuwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi, ghorofa moja juu ya kichwa cha mkwewe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule kwa miaka yake yote ya nguvu, na sasa alikuwa na mawe kwenye nyongo, ambayo yalimfanya ajikunje kila akila. Mwanawe, fundi friji, alikuwa amefunga kibanda chake cha kazi ili amsindikize. Wote wawili walikuwa wamepanga foleni tangu saa moja.

"Umeshawahi kutibiwa hapa, bibi?" karani aliuliza bila kuinua uso.

"Nimelala hapa siku arobaini na moja."

Karani akaandika jina, akasubiri, akaandika tena. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hujawahi. Wewe ni mgonjwa mpya."

"Mwanangu, nimesema siku arobaini na moja. Wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Kidole tumbo kilipasuka."

"Kompyuta inasema hujawahi, bibi. Mimi nasoma kinachoandikwa."

"Ina maana mimi muongo?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Na kabla mwanawe hajajua anachotaka kufanya, bibi alikuwa ameshapandisha blauzi hadi mbavuni, kovu refu limechungulia mbele ya foleni nzima. "Na hili? Nilijishona mwenyewe na cherehani?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wamechoka kusubiri na kicheko kilikuwa cha bure. Lakini fundi friji alihisi masikio yake yamewaka moto. Akamshika mama yake mkono, akamshushia blauzi. "Mama, acha. Acha bwana, watu wanaangalia."

"Waangalie. Ndiyo hospitali yao hii."

Wakapewa kadi mpya yenye namba mpya. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliipokea, akajaza fomu, akafika mahali penye swali la dawa.

"Kuna dawa inayokudhuru?"

"Ipo. Walinichoma sindano mara ile, ulimi ukavimba ukajaa mdomoni, koo likafunga. Nesi alikimbia mpaka akaacha kiatu kimoja. Daktari wa wakati ule aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada."

"Dawa gani?"

"Ilikuwa nyeupe."

"Bibi, dawa nyingi ni nyeupe."

"Ya unga. Wanaichanganya na maji."

Daktari akapumua. "Majalada ya zamani yaliingizwa kwenye kompyuta, yenyewe yakaloa bomba lilipopasuka, yakatupwa. Na kwenye kompyuta wewe hupo." Akaandika: dawa inayomdhuru, hajui. "Alhamisi asubuhi tunakufanyia. Tutakuwa waangalifu."

Fundi friji alitaka kuuliza mtu anakuwaje mwangalifu na kitu asichokijua, lakini nyuma yao mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mgonjwa mwingine alikuwa anaingia.

*

Jioni, mezani, fundi friji aliitoa habari yote kama mtu anayetema mchanga.

"Mke wangu anafanya kazi hospitali hiyohiyo. Mke wangu kapewa chupa ya mfanyakazi bora. Mama yangu anaitwa mgonjwa mpya mbele za watu, mpaka anavua nguo!"

"Sikuvua," mama mkwe alisema. "Nilipandisha kidogo."

"Kidogo! Walioona walikuwa kama hamsini."

"Na wote sasa wanajua nani msema kweli." Akacheka, kisha akajishika ubavu na kicheko kikaisha. "Lakini imeniuma, mwanangu, nisikufiche. Siku arobaini na moja. Na wewe, mke wake, ulikuwa unaniletea uji na ndoa yenu haijafikisha mwaka. Halafu wanasema sikuwepo."

Mama Asilimia alikuwa ameshika sahani ya mchuzi, akaiweka chini taratibu. Alihesabu mwaka kichwani, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Alikumbuka ndoa, alikumbuka uji, alikumbuka jalada lenye maandishi mekundu miguuni pa kitanda. Jina la dawa hakulikumbuka. Mwaka ule ulikuwa kipande cha tatu kati ya vile saba.

"Labda kompyuta ilikuwa na hitilafu," alisema.

Mumewe akamtazama. Miaka kumi na minne alikuwa akimsikia mke wake akisema kompyuta haina hitilafu, wenye hitilafu ni watu. Mama Asilimia aliondoa vyombo kabla watu hawajamaliza kula, akaviosha kwa nguvu isiyo ya lazima, na moyoni alijiona mchafu.

*

Jumanne asubuhi mkuu wa kitengo alimtangulia kwenye chumba cha chini ya ngazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Asilimia, na mkononi alikuwa na karatasi mbili.

"Kampuni inayotunza mashine imeniandikia," alisema. "Wanasema diski imefika tisini na saba. Ripoti yako inasema sitini na tatu."

"Nilikuambia, Mkuu. Ripoti inahesabu vilivyochomekwa. Vile saba vimekaa palepale."

"Uliniambia." Mkuu hakukana, na hilo lilimshangaza. Alikuwa mtu wa karibu sitini, amebakiza miaka miwili astaafu, na asubuhi ile alionekana kama aliyeishi miaka hiyo miwili usiku mmoja. "Sasa tumalize. Vifute leo. Fomu hii hapa."

Fomu iliitwa Ombi la Kufuta Kumbukumbu Zisizotumika. Ilikuwa na mistari saba, mmoja kwa kila kipande, na safu moja ya kujaza tarehe ya kusomwa mara ya mwisho. Mkuu alikuwa ameshazijaza. Zote zilikuwa za miezi minne iliyopita. Chini palikuwa na nafasi ya saini ya mtunza hifadhidata, kuthibitisha kwamba hakuna anayezihitaji.

"Hazijasomwa miezi minne," alisema mkuu. "Taratibu zinaruhusu."

"Zitasomwaje, Mkuu, na tumezifungia nje? Watu wanagonga dirishani pale juu, wanaambiwa ni wagonjwa wapya."

"Wangapi wamelalamika?"

"Jana alilalamika mama mkwe wangu."

Tone la maji likaanguka kwenye ndoo, na lingine.

"Basi mtoe yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Mnakili mahali, halafu vingine vifute. Sikiliza, nimeandika barua kumi na moja. Kumi na moja! Unadhani mimi sina mama? Diski ikijaa, hospitali nzima inasimama, na watakaoulizwa ni mimi na wewe. Vikifutwa hakuna atakayeuliza. Mtu atauliza vipi kitu asichojua kama kilikuwepo?"

"Nipe mpaka kesho saa sita."

"Kesho saa sita," mkuu alisema, akainuka, akajigonga kichwa kwenye dari. Cheo kilikuwa chake, lakini nywila ya kufuta ilikuwa ya Mama Asilimia, na wote wawili walilijua hilo.

Alipobaki peke yake alikifungua kipande cha tatu. Kilikuwa kizima. Miezi minne gizani na hakuna kilichopungua. Akaandika jina la mama mkwe wake, na mstari ukaja mara moja: wodi ya pili, siku arobaini na moja, kidole tumbo kilichopasuka. Na kwenye safu ya mwisho, kwa herufi kubwa, jina la dawa, na mbele yake: ASIPEWE KAMWE.

Alilia kidogo, kwa kuwa alikuwa peke yake. Kisha akanakili jina la dawa nyuma ya ripoti ya zamani, herufi kwa herufi, akaikunja karatasi akaitia kwenye sidiria asiipoteze. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshapata alichokitaka, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kufunga. Lakini miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imemtia tabia moja tu, ya kuhesabu. Akauliza mashine: katika vipande vyote saba, ni wangapi ambao safu ile ya mwisho haiko tupu?

Elfu nne, mia tatu na kumi na sita.

*

"Umeipata wapi?" aliuliza mama mkwe jioni ile, akiisogeza karatasi mbali na macho ili aisome.

Mama Asilimia alikuwa amekaa kwenye kigoda, viatu bado viko miguuni. Aliwaeleza. Alianza na barua, akaja kwenye vipande, akaja kwenye namba iliyoshuka, na mwisho kwenye chupa ya chai. "Niliyekutoa ni mimi, Mama. Hakuna hitilafu. Ni mkono wangu."

Fundi friji ndiye aliyeanza, na hakuanza kwa ukali.

"Sawa. Umekosea, umerekebisha. Dawa tumeijua. Kesho uweke saini yako yaishe."

"Wapo elfu nne na zaidi kama Mama."

"Najua, umesema. Na humu ndani tupo wangapi?" Akajinyooshea kidole kifuani. "Mimi wiki hii nimetengeneza friji moja, na mwenyewe hajaja kuichukua. Binti yuko bweni. Mshahara wa humu ni mmoja, mke wangu, ni wako. Ukimuaibisha mkuu wako, unadhani atakupa chupa nyingine?"

"Siitaki hata hii."

"Si suala la kutaka! Kila siku wewe ndiye unayeniambia mashine zile ni za watu, wewe ni mtunzaji tu. Basi wenye mashine wamesema wafute."

Mama mkwe alikuwa bado ameishika karatasi. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Yule mama wa pacha je?"

"Mama wa pacha yupi?"

"Wa kitanda cha pili kutoka kwangu. Mweusi mrefu, alikuwa anaimba akidhani tumelala. Naye walimwandikia nyekundu. Tulikuwa tunataniana, tunaitana wenye kalamu nyekundu." Akaikunja karatasi katikati, na tena katikati. "Namuuliza tu mke wako. Yule mama naye ana mkwe ofisini?"

Fundi friji akainuka. Akaenda nje kwenye ile friji ambayo mwenyewe hajaja kuichukua, akaanza kuifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi sikuambii ufanye nini," mama mkwe alisema. "Mimi chakula si hoja, nyongo yenyewe hainiachi kula. Ila usiniokoe mimi peke yangu ukaniambia umemaliza."

*

Jumatano alifika kazini saa kumi na mbili na nusu, mlinzi akimtania kwamba leo asilimia zimemfukuza kitandani. Akaanza kuvichomeka vipande. Kila kipande kilichukua muda, kwa sababu mashine hairudishi mwaka kwenye jedwali mpaka ipite mstari kwa mstari kuhakikisha kwamba kila mgonjwa ni wa mwaka ule kweli. Cha kwanza, dakika nane. Cha pili, kumi. Kwenye cha tatu alisimama wima bila kujijua, mkono kinywani. Cha saba kilipoingia ilikuwa saa mbili kasoro robo, na ndoo ilikuwa imejaa na kumwagikia viatu vyake.

Kisha akaibadilisha ripoti. Chini ya jumla aliongeza mstari mpya, nafasi halisi iliyobaki kwenye diski, na kwenye namba aliandika tisini na nane. Chini ya namba aliandika maneno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita:

Ripoti za miezi minne iliyopita hazikuhesabu vipande saba ambavyo nilivichomoa mimi. Wagonjwa wa miaka hiyo wamekuwa wakiambiwa hawajawahi kutibiwa hapa. Nimevirudisha leo. Kati yao, elfu nne mia tatu na kumi na sita wameandikiwa dawa wasizopaswa kupewa. Fomu ya kuvifuta sijaitia saini.

Akatuma kwa watu tisa, saa mbili kamili, kama kila siku.

Mganga mkuu wa hospitali alikuwa wa nne kwenye orodha hiyo na hakuwa ameifungua ripoti hata moja tangu apewe cheo. Lakini asubuhi ile, akipitisha kidole kwenye simu, aliona jana sitini na tatu, leo tisini na nane, akadhani mashine imeungua. Akafungua. Akasoma mara mbili. Kabla ya saa nne alikuwa ameshauliza watu watatu swali lilelile: ndani ya vipande hivyo kuna nini, na nani aliyetaka vifutwe? Fomu ile ikaanza kuzunguka meza hadi meza kama sahani ya moto. Kila mtu aliisoma, na hakuna aliyetaka jina lake lionekane pale. Saa nane mchana kitengo cha manunuzi kilitia saini diski mbili mpya, kwa barua iliyosema jambo hilo limekuwa likishughulikiwa kwa uzito wake wote tangu mwanzo.

Mkuu wa kitengo alishuka ngazi saa tisa. Hakupiga kelele.

"Umenimaliza," alisema.

"Nimejimaliza na mimi, Mkuu."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mara mbili."

Mkuu akaitazama ndoo, akainama, akaibeba, akaenda kuimwaga mwenyewe nje. Aliporudi alimpa bahasha. Mama Asilimia alisimamishwa kazi wiki mbili bila malipo kwa kutuma taarifa inayopingana na taarifa zilizotangulia bila kuipitisha kwa mkuu wa kitengo. Baada ya wiki hizo atapangiwa kazi nyingine. Aya ya tatu ilisema kwamba tuzo aliyopewa robo ya mwaka iliyopita, yaani chupa ya chai moja, irudishwe ofisini kabla ya Ijumaa jioni.

"Aya hiyo sikuiandika mimi," mkuu alisema.

"Najua."

"Mama yako mkwe anapasuliwa lini?"

"Kesho."

"Mungu amsaidie," alisema mkuu, na alimaanisha. Kisha akapanda ngazi, taratibu, akishika ukuta.

*

Alhamisi saa moja karani alikuwa yuleyule na dirisha lilelile. Mama mkwe aliweka kadi yake mpya mbele yake, akaitandaza kwa vidole vyote kumi.

"Niangalie tena, mwanangu."

Karani alimkumbuka, akajiandaa kwa blauzi. Akaandika jina kwa haraka, kisha mikono ikasimama. "Eh. Bibi, kumbe una faili. Wodi ya pili." Akasogea karibu na kioo. "Siku arobaini na moja."

Bibi akageuka, akaitazama foleni. Hawakuwa watu wa Jumatatu, lakini hakujali. "Mmesikia?" akasema. "Arobaini na moja." Nyuma yake Mama Asilimia alikuwa amesimama na mfuko wa nguo za wodini, mtu asiye na kazi kwa wiki mbili na asiyejua kazi yake inayofuata, akaona aibu na furaha kwa pamoja. Mumewe akamchukulia mfuko mkononi.

Daktari kijana aliliona jina la dawa kwenye kioo, akalilinganisha na karatasi waliyomletea, akakata neno "hajui" na kuandika upya kwa kalamu nyekundu. "Ndiyo hii niliyokuwa nimepanga kukupa," alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyeamka.

Siku ileile alasiri, kwenye chumba cha vidonda, nesi alikuwa ameshajaza sindano kwa ajili ya mzee mmoja aliyekatwa na msumeno kidoleni. Mzee huyo alikuwa akigombana kwa sauti kwamba amesubiri tangu asubuhi na mbuzi wake hawajafunguliwa. Nesi akaandika jina lake, akasoma safu ya mwisho, akairudisha sindano kwenye trei. Akachukua nyingine kutoka kwenye kabati.

"Sasa unanichelewesha tena," mzee alilalamika.

"Tulia, baba," alisema nesi.

Mzee alichomwa, akafungwa kidole, akaenda zake akinung'unika. Hajui mpaka leo, na Mama Asilimia naye hajui.

*

Ijumaa saa kumi jioni mama mkwe alikuwa ameegemea mito wodini, amepauka, anazungumza polepole, anauliza kama mawe yake wameyahifadhi. Mwanawe aliingia na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa ya chai ya bluu imejaa uji, na ile karatasi ya Mfanyakazi Bora imebanduka nusu kwa mvuke.

"Hiyo si inatakiwa ofisini leo?" Mama Asilimia aliuliza. Alikuwa amekaa kitandani miguuni pa mama mkwe, mahali palepale alipokaa miaka kumi na mitatu iliyopita.

"Inatakiwa kabla ya jioni kuisha," mumewe alisema, akimimina uji kwenye kikombe. "Na jioni haijaisha."

Mama mkwe alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Uji ulikuwa bado wa moto.

"Waambie mfuniko umelegea," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wasije wakasema ni mimi. Walitupatia ikiwa hivyohivyo."

"Nitawaambia," alisema Mama Asilimia, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, akasubiri amalize.